Tairi Laini, Njia ya Handeni

Jamani, nimerudi. Ujumbe wenu nimeuona wote, na tangu jana kila anayepita kibarazani kwangu anauliza yaleyale: gari liko wapi, harusi ilikuwaje, na mbona fundi cherehani mzima anatembea kama anakanyaga makaa. Nimechoka kusimulia kipande kipande. Naandika mara moja, msome wote, kisha mniache nishone.

Mnakumbuka tulivyogombana hapahapa kibarazani kabla sijaondoka. Kimaro, ambaye ameendesha lori nusu ya maisha yake, alinishauri gari langu nilivalishe tairi za misimu yote. Ni ngumu kidogo, alisema, na mikato yake ni mirefu, inatapika tope. Mimi nikachagua zile wenye duka wanaziita za kiangazi, laini, uso mpana, zilizotengenezwa kushika lami ya moto. Nilizichagua kama ninavyochagua kitambaa, kwa kubonyeza na dole gumba. Gari la milango miwili, jekundu, linalokaa chini vile, nikaliona linastahili kiatu laini. Kimaro akasema nitamkumbuka. Nikamwambia anywe chai yake.

Sasa, kwa wasiojua nilikokuwa nakwenda na kwa nini. Mimi ni Mzigua wa Handeni. Katika ukoo wetu, ndoa ikishafungwa msikitini, binti husimama ndani ya mlango wa kwao, na mjomba wake humshika mkono akamvusha kizingiti. Ndipo anakwenda kwa mumewe. Mjomba asipokuwepo, kiatu chake huwekwa kizingitini na binti hukiruka. Ndoa haina kasoro, ila watu wote waliokuja wanakiona kile kiatu.

Marehemu dada yangu aliacha mabinti wawili. Mkubwa, Mwanahawa, alipoolewa miaka sita iliyopita, mimi nilikuwa hapa nashona sare za shule. Nikajiambia nitaondoka kesho, na kesho ikawa kesho nyingine. Mwanahawa akaruka kiatu, tena raba kuukuu ya mguu wa kushoto niliyoisahau kwa mama yangu enzi za ujana. Tangu hapo wananiita Mjomba Kiatu. Mwanahawa yeye haniiti chochote, maana hajasema nami tena.

Safari hii ilikuwa zamu ya mdogo wake, Zuhura. Alinipigia mwenyewe. "Mjomba, uje wewe, siyo kiatu. Na uje na lile gari lako jekundu, unipeleke nalo." Nikamwahidi vyote viwili: mimi na gari, Jumamosi kabla ya alasiri.

Moshi hadi Mazinde

Niliondoka Ijumaa baada ya sala ya alfajiri. Mpaka Same sina la kusema, kwa sababu nilikuwa na furaha, na furaha haina habari nyingi. Tairi zilishika lami kama zimebandikwa. Kila kona nilimsema Kimaro kimoyomoyo.

Karibu na Mazinde nikakuta magari yamesimama. Mvua ya milimani ilikuwa imeshusha maji, na maji yamekata barabara kwa upana wa kama uwanja wa mpira. Malori yanavuka, mabasi yanavuka kwa kusitasita, magari madogo yanaambiwa yasubiri. Langu lilikuwa dogo kuliko yote. Nikazima injini, nikafungua mlango, nikakaa mguu mmoja nje, mkonge kulia na mkonge kushoto, jua limenikalia kichwani.

Nilikaa pale saa nne na ushee. Nimewahi kusubiri wateja wa sikukuu, lakini sijawahi kuchoka kwa kukaa namna ile. Mama mmoja aliyeshuka basini alinipa nusu ya chapati yake bila kuniuliza kama nina njaa. Dereva wa lori la saruji alikuja akazunguka gari langu, akachuchumaa, akagusa tairi.

"Mzee, hizi za mashindano?"

"Za kawaida," nikamwambia.

"Unaishia Tanga mjini?"

"Handeni. Ndani ndani huko, kijijini."

Akainuka, akapangusa mikono, akarudi kwenye lori lake bila kuongeza neno. Nilikasirika sana, na kilichonikasirisha ni ile heshima aliyonifanyia ya kunyamaza.

Mombo

Maji yalipopungua nikavuka polepole, nikafika Mombo nimechoka na nina njaa ya kweli. Mabasi yote yalikuwa yamechelewa kama mimi, na watu walikuwa wamejaa stendi wakigombea mishikaki, mahindi ya kuchoma na matunda ya Lushoto. Nikala wali maharage nimesimama, maana viti vilikuwa vimekwisha. Niliporudi nikakuta watu wamelizunguka gari wakibishana kama mwenyewe ni mwanamuziki au mgombea. Walipoona ni mimi, mwenye tepu ya kupimia shingoni niliyosahau kuivua, wakatawanyika wamevunjika moyo.

Akabaki bibi mmoja na kikapu chake. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mabasi yamejaa. Mimi ni wa Kerenge. Unifikishe Korogwe tu, pale nitapata usafiri."

Nikamfungulia mlango. Akaangalia ndani, akainama, akaingia kwa kutanguliza kikapu, halafu mguu, halafu maombi. Alipokwisha kukaa akanitazama.

"Mwanangu, mbona tumekaa chini kama tunakula?"

"Ndivyo lilivyo, bibi."

"Na wanao wanakaa wapi?"

"Hawakai."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akatoa chungwa na kisu, akaanza kumenya.

Mvua ikatushukia baada ya Mombo, nzito, ya matone makubwa. Nilikuwa naendesha huku nawaza saa, maana jua la Ijumaa lilikuwa linaniishia, na mguu ukawa mzito kuliko akili. Ghafla ng'ombe watatu wakatoka kwenye mkonge wakasimama katikati ya lami. Nikakanyaga breki mpaka mwisho. Lori la Kimaro lingewazoa, na sijui kama zile tairi zake za misimu yote zingesimama. Zangu zilisimama. Kati ya boneti na tumbo la ng'ombe pangepita mtu, lakini kwa ubavu.

Bibi alikuwa amefika katikati ya chungwa lake. Akanipa kipande.

"Gari lako linasikia," akasema.

Maneno hayo, rafiki zangu, ndiyo yaliyoniponza. Nilianza kuziamini zile tairi kama mtu aliyeniokoa.

Korogwe

Bibi aliposhuka aliniachia ndizi sita na dua ndefu. Saa kumi na moja ilikuwa imefika. Nikaona nijaze upepo kabla ya kukata kulia kwenda Handeni, nikasimama kwenye kibanda cha fundi tairi pembeni ya barabara. Fundi mwenyewe ni mwanamke wa makamo, mikono imekomaa, wanamwita Mama Rehema.

"Karibu, mgosi," akasema. Kwetu huko ndivyo mwanamume anavyoitwa, na sikuwa nimelisikia neno hilo siku nyingi. Lilinipoza moyo kidogo. Akapima upepo, akapitisha kiganja kwenye uso wa tairi. "Unakwenda wapi na viatu vya sebuleni?"

Nikamweleza. Handeni mjini, kisha saa nzima ya barabara ya vumbi mpaka nyumbani.

"Mwezi huu hakuna vumbi. Kuna tope. Hizi ni nzuri, sikatai, ni nzuri kwa mtu ambaye barabara yake haibadiliki. Wewe yako inabadilika." Akanionyesha tairi nne zilizopangwa ukutani, za misimu yote, alizozitoa kwenye gari dogo lililogongwa. Ukubwa wa rimu ulikuwa uleule. "Niachie zako, uchukue hizi. Ukirudi tunabadilishana. Nipe saa moja na nusu tu."

Sikutaka kuamua peke yangu, nikampigia shemeji yangu, mzee Athumani, baba yake Zuhura. Nikamuuliza njia ikoje.

"Njia nzuri!" akasema kwa sauti ya furaha. "Wewe njoo tu. Watu wanapita."

Nikamgeukia Mama Rehema. "Anasema njia nzuri."

"Nani huyo? Mwenye shughuli?"

"Ndiyo. Baba wa bibi harusi."

Akacheka, akafuta mikono kwa tambara. "Mgosi, wewe ni wa Handeni kweli? Mwenye shughuli akwambie njia mbaya? Si atakuwa amekwambia usije?"

Na hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo. Nilizaliwa kule. Nimemsikia baba yangu akiwaambia wageni njia nzuri huku mto umefurika, kwa sababu kumwambia mgeni njia mbaya ni kumfungia mlango. Kila mtu wa kwetu analijua hilo, na kila mtu wa kwetu huwauliza wapita njia, siyo mwenyeji. Lakini nilikuwa nimechoka, jioni imeingia, tairi zimetoka kuniokoa, na nikaona aibu kurudi hapa nimevaa chaguo la Kimaro. Nikashukuru, nikaondoka.

Handeni na baada ya Handeni

Korogwe mpaka Handeni ni lami tupu, nikateleza kwa raha nikafika magharibi. Nikapanga chumba gesti, nikamwambia mama mwenye gesti kwamba ninakwenda harusini, nikalala na viatu.

Asubuhi nilipotoka nikakuta gari limefungwa riboni nyeupe na maua ya plastiki mpaka kwenye vioo vya pembeni. Mama mwenye gesti alisimama pembeni anatabasamu. Alidhani bwana harusi ni mimi. "Umechelewa kuoa, lakini umeoa kwa kishindo," akasema. Sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Nikamshukuru, na riboni nikaziacha kwa ajili ya Zuhura.

Nusu saa ya kwanza njia ilikuwa changarawe, na changarawe ndizo zilizoanza. Jiwe lenye makali likachana tairi la mbele ubavuni, mchano wa urefu wa kiganja, upepo ukatoka wote kwa mkupuo. Gari kama langu lina tairi la akiba jembamba, la kukufikisha gereji tu. Nikalifunga hilo, lililochanika nikalitupa buti, nikaendelea nikiwa nimekasirika.

Kisha udongo ukabadilika rangi. Wale wa kwetu wanaujua udongo mweusi wa mbuga: ukikauka unapasuka, ukilowa unang'ang'ania. Zile tairi laini zenye uso mpana zikajaa tope kwenye mikato yake midogo, na baada ya hatua chache hazikuwa na mikato tena. Usukani nageuza, gari haligeuki. Likaenda kwa utulivu kabisa, na maua yake, likajilaza mtaroni.

Nikashuka nikasukuma. Viatu vyangu vipya vya ngozi, nilivyovinunua kwa ajili ya kizingiti kile, vikabaki chini ya tope. Nilichimba kwa mikono, nikapata soksi moja. Zilibaki kilomita kumi na kitu. Njia hiyo ina mawe na miiba ya migunga, na mimi nyayo zangu zimezoea kanyagio la cherehani. Nilikaa juu ya boneti nikaona wazi kabisa itakavyokuwa: ile raba kizingitini, Zuhura akiruka. Nililia, na sioni aibu kuwaambia.

Wakaja wafugaji watatu waliokuwa wanakwenda mnadani. Mmoja wao, wa makamo, akasimama akalitazama gari na maua yake, akachungulia ndani.

"Sopa," akanisalimu kwa Kimasai. "Bibi harusi iko wapi?"

"Ananisubiri mimi. Mimi mjomba."

Wakajaribu kulisukuma, wote watatu, mpaka mashuka yao yakachafuka. Halikutoka. Yule wa makamo, anaitwa Loserian, akatazama miguu yangu, kisha akaliona lile tairi lililochanika kwenye buti iliyo wazi. Akalitoa, akalibonyeza kwa dole gumba vilevile nilivyolibonyeza mimi dukani. Nikamjua mwenzangu. Yeye ni fundi wa katambuga, vile viatu vya tairi wanavyovaa wenyewe, na alikuwa anavipeleka mnadani kuuza.

"Hii laini sana," akasema. "Kwa mguu nzuri, inakamata jiwe. Lakini inaisha haraka. Ile ngumu inakaa miaka, ila jiwe likilowa inakuangusha. Wewe ulichagua hii kwa nini?"

"Nilikuwa nawaza lami."

"Hapa lami hakuna."

"Najua, rafiki yangu. Nimeshajua."

Nikamwomba aniuzie jozi moja ya vile alivyobeba. Akaleta mguu wangu karibu na kila kimoja. Vyote vilikuwa vidogo, maana mguu wangu mnaujua. Basi akatoa kisu, akaketi juu ya jiwe, akaanza kulikata tairi langu. Uso wa tairi una nyaya ndani, hazikatiki kwa kisu, kwa hiyo akakata ubavuni. Ubavu wake ni mwembamba, vidole vyangu vidogo vikabaki nje pande zote mbili. Akaweka maandishi yaelekee chini ili kiatu kisiteleze. Mikanda akaikata kwenye mpira wa ndani wa baiskeli aliokuwa nao mfukoni, akapigilia misumari, akapinda ncha zake kwa jiwe. Nilimtazama anavyofanya kazi na kwa mara ya kwanza tangu Mazinde nikapumzika. Malipo alikataa, akataka kipande cha tairi kilichobaki.

Gari lilivutwa kesho yake kwa trekta, liko kwa shemeji chini ya turubai, anayetaka kujua ameshajua. Na Kimaro, najua unasubiri. Kwenye tope ulikuwa sahihi, na Mama Rehema alikuwa sahihi, na yule wa lori la saruji pia. Lakini mbele ya wale ng'ombe nisingekubadilishia tairi zangu kwa kitu chochote. Hilo utalimeza na chai yako.

Mlangoni

Nilitembea saa tatu, begi lenye kanzu kichwani. Mikanda ilinikata, misumari miwili ikanichoma kisigino, nikawa natembea kwa ncha za vidole. Adhana ya alasiri ilinikuta kwenye mashamba ya mahindi ya kwetu. Nikavaa kanzu palepale shambani juu ya tope langu, nikaanza kukimbia kama ninavyoweza, yaani vibaya.

Uani palikuwa kimya. Watu wamesimama nusu duara. Shemeji Athumani aliniona wa kwanza, akanyoosha mikono miwili.

"Si nilikwambia njia nzuri? Umefika!"

Nilikuwa natazama kizingiti. Ile raba ilikuwepo, ya kushoto, imeoshwa vizuri, na Mwanahawa alikuwa amesimama pembeni yake kama aliyeiweka. Ndani ya mlango alisimama Zuhura na shela yake. Walinisimulia baadaye kwamba alikuwa amesimama vile tangu watoke msikitini, anaambiwa ruka, anasema bado.

Nilipomfikia akanitazama kanzu, akanitazama uso, akachungulia nyuma yangu barabarani.

"Mjomba, gari liko wapi?"

Nikainua mguu. Alipoona namba za tairi zimeandikwa chini ya vidole vyangu, 215 upande mmoja na 45 upande mwingine, akaelewa yote. Alicheka, akacheka, wanja ukamshuka mashavuni, na wanawake wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Nikamnyooshea mkono.

Kabla hajaushika, Mwanahawa aliinama akaiokota ile raba kizingitini. Akaikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akaikumbatia kifuani.

"Pita, mdogo wangu," akasema. Kisha akanigeukia. "Shikamoo mjomba. Pole na njia."

Nikaitikia marahaba. Ilikuwa ya kwanza kwa miaka sita.